Likizo ya kiangazi na vijana wakimbizi waliofika karibuni: mwongozo kwa anayefundisha

Katika mwaka wa fedha wa 2024 Marekani ilipokea wakimbizi zaidi ya 100,000, na Wakongo walikuwa wengi kuliko watu wa nchi nyingine yoyote. Januari 2025 mapokezi hayo yakasimamishwa. Vijana waliokwisha kuingia, hata hivyo, wako huku: Lexington na Louisville kule Kentucky, Houston, Phoenix, Dayton, Boise, Grand Rapids. Wengi wao wametoka kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, Kakuma kule Turkana, Nakivale na Kyangwali nchini Uganda. Nyumbani wanaongea Kiswahili, na pengine Kibembe, Kifuliiru au Kinyamulenge. Kila mwaka shule zinapofungwa kwa likizo ndefu ya kiangazi, makanisa, misikiti, vyama vya Wakongo na mashirika yanayopokea wakimbizi hutafuta watu wa kuwafundisha kwa wiki tano au sita. Mara nyingi anayeitwa ni mtu kama wewe: Mswahili aliyetangulia kufika, anayejua Kiingereza, mwenye moyo wa kusaidia, lakini hajawahi kusimama mbele ya darasa.

Nakuandikia wewe. Msimamo wangu ni huu: wiki sita hazimtoshi mtu kujifunza Kiingereza, ila zinatosha kumwandaa kwa mwezi wa kwanza wa shule. Mwezi huo ndio unaoamua mambo mengi. Kijana aliyepotea korido siku ya kwanza, akachekwa, akakaa na njaa kwa kutojua namna ya kupanga foleni ya chakula, anaanza kuichukia shule kabla hajafundishwa lolote. Kwa hiyo kila unachokipanga kwa kiangazi kipime kwa swali moja: je, hiki atakihitaji shule itakapofunguliwa?

Hatua ya kwanza: piga hodi nyumbani kabla ya kupanga darasa

Mwezi Mei, shule zikiwa bado wazi, pata orodha ya familia kutoka kwenye shirika lililowapokea au kwa wazee wa jumuiya, kisha watembelee. Tangazo lililobandikwa kanisani halitoshi, na likiwa la Kiingereza halisaidii kabisa. Nenda alasiri, maana wazazi wengi wanafanya kazi za usiku kwenye viwanda vya nyama na maghala, na asubuhi ndiyo saa yao ya kulala. Zungumza na baba na mama kwanza, ndipo uzungumze na kijana. Watataka kujua ni nani atakayekaa na watoto wao, kama mabinti watakuwa salama, na kama kuna malipo. Wajibu waziwazi. Baada ya hapo wasiliana nao kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa Kiswahili, kwa sababu wako wazazi wasiosoma na hawatakuambia kwamba hawasomi.

Ukiwa pale nyumbani, angalia nani analea wadogo. Katika familia nyingi binti wa miaka kumi na tano ndiye anayebaki na wadogo zake mama akiwa kazini au amelala baada ya zamu. Ukimwalika darasani bila kufikiria wale wadogo wataachwa na nani, ni sawa na kumwambia asije. Tenga chumba cha watoto hapohapo, uweke mtu mzima wa kuwaangalia. Nimeona programu zenye walimu hodari zikibaki na wavulana watupu kwa sababu ya jambo hili moja, na waandaaji wakalalamika kwamba wazazi wa Kiafrika hawataki mabinti wasome. Siyo kweli. Wazazi walikuwa hawana mtu wa kumwachia mtoto mchanga.

Wavulana wakubwa wana swali la kazi. Familia ilisafirishwa kwa nauli ya mkopo kupitia IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji, na mkopo huo unalipwa; kodi ya nyumba nayo haingoji. Usishindane na kazi. Masomo yaishe mapema mchana ili mwenye kibarua awahi. Kama mji wenu una mpango wa ajira za vijana kwa kiangazi, uliza mapema, kwa kuwa mara nyingi maombi hufungwa kabla ya Juni.

Mahali pa kufundishia pawe karibu na wanapoishi, hata kama chumba ni kidogo. Familia nyingi zimepangishiwa kwenye majengo yaliyo pamoja. Omba ukumbi wa jengo lenyewe, au kanisa la jirani. Ukumbi mzuri unaohitaji mabasi mawili utakuwa mtupu kufikia wiki ya pili.

Jambo la mwisho kabla ya kufungua mlango: kila mtu mzima atakayekaa na vijana apite ukaguzi wa rekodi za uhalifu, na asiwepo anayebaki peke yake na kijana kwenye chumba kilichofungwa. Kanuni hii haina msamaha, hata kwa mchungaji au shehe.

Hatua ya pili: jua alisoma wapi, kwa lugha gani, akaishia wapi

Hapa ndipo walimu wengi wanapoharakisha, na hapa ndipo panapohitaji subira.

Aliyesoma Nyarugusu alifuata mtaala wa Kongo kwa Kifaransa. Kiingereza kwake ni somo dogo, au hakukiona kabisa. Aliyesoma Kakuma alifuata mtaala wa Kenya kwa Kiingereza, pengine kwenye darasa la watoto zaidi ya mia moja, na anaweza kuwa na cheti cha KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa Kenya, kwenye bahasha ya baba yake. Wa Nakivale au Kyangwali alifuata mtaala wa Uganda, labda alifika hadi PLE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi wa huko. Na yupo aliyekimbia Fizi au Masisi, mashariki mwa Kongo, akiwa darasa la pili, akakaa miaka mingi bila shule, hasa akiwa msichana. Wote hawa wanaweza kuwa na miaka kumi na sita, na shule ya Marekani mara nyingi itawaweka darasa moja kwa kuangalia umri.

Umri wenyewe uuchukulie kwa uangalifu. Hati za wakimbizi wengi zinaonyesha wamezaliwa Januari 1, kwa sababu siku fomu ilipojazwa tarehe haikujulikana, na pengine hata mwaka ulikisiwa. Usimhoji kijana juu ya hilo mbele ya wenzake, wala usijaribu kumrekebishia hati kwa nguvu zako. Lijue tu, ili usishangae kijana wa miaka kumi na minne kwa hati akiwa na fikra za mtu mzima.

Wiki moja kabla ya kuanza, kaa na kila mmoja kwa dakika ishirini hivi, mlango ukiwa wazi, mkizungumza Kiswahili. Muulize shule yake ya mwisho ilikuwa wapi, mwalimu alikuwa anafundisha kwa lugha gani, aliacha darasa la ngapi, somo gani alilipenda. Kisha mpe aya fupi ya Kiswahili aisome kwa sauti. Akiisoma vizuri, ujuzi wa kusoma anao tayari, na kazi yako ni kumvusha kwenda Kiingereza. Akikwama, mpe ya Kifaransa, maana wapo waliojifunza kusoma kwa Kifaransa tu na hawajawahi kuona Kiswahili kimeandikwa. Zote zikigoma, anaanza na herufi, na jambo hilo libaki kati yake, wewe na mwalimu atakayemfundisha. Kijana wa miaka kumi na saba asiyejua kusoma ametumia akili nyingi kuficha hilo. Ukimwanika mbele ya wenzake hatarudi.

Malizia kwa hesabu zisizo na maneno: kujumlisha, kugawanya, sehemu, mlinganyo mmoja mwepesi wa aljebra. Utakutana na kijana asiyejua kuomba maji kwa Kiingereza lakini anakokotoa mlinganyo bila shida. Andika yote haya kwenye ukurasa mmoja na uutunze, utauhitaji mwishoni.

Tahadhari kwa walimu waliotoka Tanzania na Kenya: Kiswahili cha Kivu kina sarufi yake na sauti zake. Usikisahihishe. Kijana yuko tayari kwenye nchi ambayo kila anapofungua mdomo anasahihishwa, na Kiswahili ndicho mahali pekee anapojiona mjuzi.

Hatua ya tatu: makundi na wasaidizi

Gawa makundi kwa kiwango cha kusoma, si kwa umri. Makundi matatu yanatosha: wanaoanza na herufi, wanaosoma lugha nyingine, na wenye Kiingereza kidogo. Wachanganye tena kwenye hesabu, michezo na chakula, ili kundi la kwanza lisijione limetengwa. Kundi hilo lipewe vitu vya watu wa rika lake. Ratiba ya basi la mji, karatasi ya bei ya duka na jina la dawa kwenye chupa ni vitabu vizuri kwa kijana mkubwa kuliko hadithi za watoto wachanga zenye picha za wanyama.

Wasaidizi bora wa darasa ni vijana waliofika miaka miwili au mitatu nyuma. Wanajua shule ileile, walimu walewale, hata choo kipi wanafunzi wakorofi hujazana. Walipe. Hata kama bajeti ni ndogo, waandikie barua ya utumishi watakayoionyesha wanapoomba kazi au chuo.

Hatua ya nne: siku iwe na umbo lilelile

Kwa wiki sita, Jumatatu hadi Alhamisi, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana panatosha. Anza na chakula cha asubuhi, fuatisha Kiingereza, kisha mpira au kamba nje, halafu hesabu, halafu mazoezi ya maisha ya shule, kisha chakula cha mchana. Ratiba ya siku iandikwe ubaoni kila asubuhi na mpangilio usibadilike ovyo. Vijana hawa wamehamishwa mara nyingi bila kuambiwa kinachofuata, na siku inayotabirika huwatuliza kuliko hotuba yoyote.

Kuhusu saa, kubalianeni mapema. Aliyekulia Kigoma akiambiwa "njoo saa mbili" anajua ni asubuhi ya kazi. Karatasi ya shule itasema 8:00. Darasani andika tarakimu kama zinavyoonekana kwenye simu, na uwazoeze kuzisema kwa Kiingereza kila siku hadi zisiwachanganye.

Kuhusu chakula, serikali ya shirikisho ina mpango wa kulisha watoto bure wakati wa kiangazi hadi umri wa miaka 18 katika maeneo ya kipato cha chini. Shirika lenu liulize namna ya kuwa kituo. Chakula hicho mara nyingi ni cha baridi, na maziwa baridi asubuhi wengine hawayawezi. Angalau siku moja kwa wiki akina mama wapike bugali, sombe na samaki. Nyama ya nguruwe isionekane pasipo alama, kwa ajili ya Waislamu na Wasabato.

Hatua ya tano: Kiingereza cha shuleni kwanza

Wiki ya kwanza yote ni ya sentensi za kujiokoa: kusema sijaelewa, kuomba mtu arudie taratibu, kuuliza chumba fulani kiko wapi, kuomba ruhusa ya kwenda chooni, kusema naumwa, kusema mtu ananisumbua. Zirudieni kwa kuimba, kwa kurushiana mpira, kwa maigizo, mpaka zitoke bila kufikiriwa. Sarufi isubiri.

Wiki ya pili ingiza maneno ya maagizo yanayokaa juu ya kila karatasi ya mtihani: linganisha, eleza, zungushia, pigia mstari, chagua, kadiria. Wanafunzi wengi wanakosa swali wanalolijua kwa sababu hawakuelewa wametakiwa kufanya nini. Chukua mitihani ya zamani ya shule yao, kusanya vitenzi hivyo, vibandike ukutani pamoja na picha ya tendo lenyewe.

Kwenye kusoma, kumbuka Kiswahili kina irabu tano na kila moja ina sauti yake moja popote ilipo. Kiingereza hakifanyi hivyo, na mwanafunzi atasoma herufi ya "i" kwa sauti ileile daima. Mazoezi ya jozi kama "ship" na "sheep" yafanyike kila siku kwa dakika chache. Vilevile maneno yanayoishia kwa konsonanti, ambayo ulimi wetu hupenda kuyamalizia kwa irabu, na sauti za l na r kwa wanaozichanganya. Dakika kumi tu. Lafudhi siyo kosa. Kinachotakiwa ni kueleweka.

Waliosoma kwa Kifaransa wana hazina ambayo hakuna aliyewaambia wanayo. Maneno kama "nation", "animal", "question", "information" yameandikwa herufi kwa herufi sawa katika lugha zote mbili, na vitabu vya sayansi na historia vimejaa ya namna hiyo. Mpe kijana wa Nyarugusu ukurasa wa kitabu cha biolojia, mwambie apigie mstari kila neno analolitambua kwa macho. Atakapoona amejaza ukurasa, ataacha kusema kwamba hajui kitu. Matamshi mtayarekebisha baadaye.

Kiswahili kisipigwe marufuku darasani. Wajadili kwanza kwa Kiswahili kwa nini barafu huelea, ndipo waandike sentensi mbili za Kiingereza. Mtu akiwa na wazo tayari, kulitafutia maneno ni kazi ndogo. Asipokuwa na wazo, maneno hayatamsaidia.

Hatua ya sita: hesabu, na mitego yake

Watu hudhani hesabu haina lugha. Ina lugha, na tena ina mwandiko.

Aliyefundishwa kwa mtindo wa Kifaransa huandika tatu na nusu hivi: 3,5. Marekani wanaandika 3.5. Sasa mpe kijana huyo namba 1,250 na utaelewa: wewe unaona elfu moja mia mbili na hamsini, yeye anaona moja na robo. Akikosa swali, mwalimu wake mpya ataandika kwamba hajui hesabu. Tenga siku nzima kwa nukta na mkato. Waliotoka Kakuma na Nakivale hawana tatizo hili, kwa hiyo waweke kama wasaidizi.

Kugawanya nako kunaandikwa tofauti. Kongo kigawanyo hukaa kulia, ndani ya pembe ya mstari. Marekani kinakaa kushoto na jibu linaandikwa juu. Mwache kijana afanye kwa njia yake kwanza, umwonyeshe kwamba jibu ni lilelile, ndipo umfundishe mwandiko wa huku. Na tarakimu 1 yenye mkia mrefu wa mbele husomwa na Mmarekani kama 7. Mzoeze kuandika fimbo tupu.

Kisha vipimo. Futi, inchi, pauni na Farenihaiti havikwepeki. Waanze na vinavyogusa mwili: joto la mtu mzima mwenye afya ni takriban 98.6, na hali ya hewa ikisemwa ni 100 ni jua kali la takriban nyuzi 38 tulizozizoea. Sarafu zinahitaji kushikwa mkononi, kwa sababu ya senti kumi ni ndogo kuliko ya senti tano na kila mgeni hudanganyika. Tarehe huanza na mwezi: barua ya shule yenye 08/12 ni Agosti 12. Kuna watoto waliokosa siku ya kwanza kwa sababu familia ilisoma Disemba 8.

Hatua ya saba: igizeni shule

Kuanzia wiki ya tatu, kila siku muwe na saa moja ya shule ya kuigiza. Sehemu hii ndiyo vijana huipenda zaidi, na ndiyo ambayo walimu wa Kimarekani hawafikirii kuifundisha, kwa sababu kwao ni mambo ya kawaida tu.

Kongo mwanafunzi hubaki darasani na walimu ndio wanaoingia na kutoka. Kwenye shule za kati na hai skuli za huku mwanafunzi ndiye anayehama kila kipindi, kwa dakika chache, kwenye korido iliyojaa watu. Bandika namba kwenye milango, mpe kila mmoja ratiba ya karatasi, piga kengele, waanze kutafuta vyumba. Rudieni mpaka wakimbie bila kuuliza.

Nunua kufuli chache za duara zenye namba, zile za makabati ya shule. Zinafunguliwa kwa kuzungusha kulia mara kadhaa hadi namba ya kwanza, kisha kushoto kupita namba ya kwanza mara moja hadi ya pili, kisha kulia moja kwa moja hadi ya tatu. Mtu mzima aliyezaliwa huku hafikirii tena. Mgeni anaweza kusimama mbele ya kabati hadi kipindi kiishe. Fanyeni mashindano ya kasi.

Igizeni foleni ya chakula, pamoja na kubonyeza namba ya mwanafunzi pale shule inapotumia namba. Igizeni kunyoosha mkono, kuomba kibali cha kutoka darasani, kumwita mwalimu kwa cheo na jina lake la ukoo. Igizeni basi la njano: kusubiri kando ya barabara, kuvuka mbele ya basi mahali dereva anakuona, kamwe si nyuma yake, na kukariri namba ya basi. Jina lake mwenyewe kijana aliandike kama lilivyo kwenye hati, hata kama mpangilio umegeuzwa, na ajifunze kumwambia mwalimu namna linavyotamkwa. Ndugu wa mama mmoja na baba mmoja wenye majina tofauti ya ukoo wajue watakavyoeleza, maana wataulizwa.

Kuhusu macho: kwetu kijana akisemeshwa na mkubwa huinamisha macho, na hiyo ni heshima. Mwalimu wa huku anaweza kudhani anamdharau au anaficha jambo. Waeleze hivyo, kama kanuni ya mahali, bila kuwaambia kwamba adabu ya mama yao ni mbaya. Nyumbani waendelee nayo.

Kuna mazoezi mawili ya shule ambayo lazima uyataje mapema. La moto lina king'ora kikali na watu wote hutoka nje. Lifanyeni, mkianza kwa sauti ndogo. La kujifungia ni tofauti: taa huzimwa, mlango hufungwa, wanafunzi hukaa kimya kwenye kona wakijiandaa kwa mtu mwenye silaha. Hilo usiliigize. Lieleze kwa maneno, kwa Kiswahili, taratibu, useme kwamba ni zoezi na linafanyika karibu kila shule. Kisha iombe shule iwe inawaarifu vijana hawa kabla, kila mara. Kwa mtoto aliyewahi kujificha kweli, kukaa gizani bila kuambiwa sababu ni mateso.

Hatua ya nane: usiwachimbe

Usimwombe kijana aandike insha juu ya safari yake ya ukimbizi. Najua wafadhili wanazipenda, na najua zinagusa mioyo. Kijana amekwisha kusimulia habari hizo kwenye mahojiano ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, na ya maofisa wa Marekani, na kila mara maisha ya familia yake yalitegemea namna alivyosimulia. Darasani pawe mahali ambapo hadaiwi simulizi. Mpe uchaguzi: mchezaji anayempenda, namna ya kupika samaki, rafiki yake. Akichagua mwenyewe kuandika juu ya vita, isome kwa heshima, mshukuru, usimdadisi, usiisomee darasa, na zungumza na mshauri wa shirika kama unaona imemlemea.

Kijana anayesinzia kila siku, anayewaka hasira ghafla, anayelalamika kichwa kila asubuhi, usimwadhibu kabla hujajua. Huenda halali kwa ndoto mbaya, huenda analea mtoto usiku, huenda anashinda na simu hadi alfajiri. Nenda nyumbani ukaulize.

Julai 4 ni sikukuu ya uhuru wa Marekani, na fataki huanza kulipuka mitaani siku kadhaa kabla. Mwisho wa Juni waambie vijana na wazazi wao: tarehe, saa, sababu, na kwamba si risasi. Waonyeshe video yenye sauti ya chini. Kazi ya dakika kumi itaziokoa familia nzima kulala sakafuni.

Katika matembezi ya kiangazi, maji ndiyo hatari kubwa. Usidhani kila Mkongo wa Fizi au Uvira anajua kuogelea kwa sababu Ziwa Tanganyika liko pale. Aliyezaliwa Nyarugusu amekulia mbali na ziwa. Muulize kila mmoja, usikubali jibu la mbele ya marafiki, na usiende kwenye bwawa lisilo na mlinzi wa waogeleaji.

Hatua ya tisa: karatasi, na shule yenyewe

Usingoje wiki ya mwisho. Kentucky na Texas shule hufunguliwa Agosti, New York Septemba, na ofisi za kuandikisha hujaa. Mwezi Julai hakikisha kila familia ina kadi ya chanjo na uthibitisho wa makazi. Mwanafunzi mpya atapimwa Kiingereza. Majimbo mengi hutumia vipimo vya WIDA. Mweleze kwamba hakuna kufaulu wala kufeli hapo, kwamba kipimo kinaamua msaada atakaoupata, asijaribu kubahatisha majibu ili aonekane anajua.

Kwa wa hai skuli, ulizia krediti, yaani hesabu ya masomo aliyokwisha kuyamaliza. Ili kuhitimu anahitaji idadi fulani ya krediti, na alama za shule ya kambini zikitafsiriwa zinaweza kuhesabiwa. Wengi hawaulizwi, wanaanzishwa upya darasa la tisa wakiwa na miaka kumi na nane, wanakata tamaa. Mwenye diploma ya serikali ya Kongo, ile wenyewe wanaita D6, apelekewe hati zake kutathminiwa, maana pengine njia yake ni chuo. Uliza pia ukomo wa umri. Katika majimbo mengi ni miaka 21.

Shule ikisema kijana atakaa darasani na wengine na "atazoea", jua kwamba sheria haiko upande wao. Mwaka 1974, katika kesi ya Lau dhidi ya Nichols, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kumpa mwanafunzi asiyejua Kiingereza kitabu kilekile na mwalimu yuleyule wa wenzake si kumtendea sawa. Omba huduma za lugha kwa upole, na kwa maandishi. Kwenye vikao vya wazazi omba mkalimani mtu mzima. Mtoto asitafsiri alama zake mwenyewe, wala ugonjwa wa mama yake.

Wiki ya sita wapelekeni kwenye shule wanayokwenda. Watafute vyumba vyao halisi, wafungue kabati halisi, wakutane na mwalimu wa wanafunzi wanaojifunza Kiingereza. Hapo ndipo unamkabidhi mwalimu huyo ule ukurasa mmoja wa kila kijana, wazazi wakiwa wamekubali: alisoma wapi, kwa lugha gani, anasoma nini, hesabu yake iko wapi. Usiandike humo habari za vita.

Kisha, shule ikiwa imefunguliwa wiki mbili, rudi nyumba kwa nyumba ukiwa na daftari. Omba kuona ratiba ya kila mmoja. Kijana wa aljebra aliyewekwa kwenye kujumlisha, binti aliyepangiwa vipindi viwili vya michezo kwa sababu hakuna aliyejua amweke wapi, mvulana ambaye bado anashuka kituo kisicho chake: yote haya katika wiki za mwanzo yanaweza kurekebishwa kwa mazungumzo na mshauri wa wanafunzi. Piga simu siku hiyohiyo, mzazi akiwa pembeni yako.